Kiatu cha Kushoto cha Doña Casilda

Ukitaka kumjua mtu wa kijiji chetu cha San Fermín, usimwulize jina wala ukoo. Mpandishe ndege, kisha mtazame miguu. Ndege ikianza tu kukimbia, utamwona anainama, anavua kiatu cha kushoto, anakiweka mapajani na kukishika kwa mikono miwili kama aliyepewa mtoto wa wenyewe ambebe. Hakivai tena mpaka ndege itulie angani. Watu wa uwanja wa ndege wa mji wa Trinidad wametucheka wee mpaka wamechoka. "Haya, wale wa kiatu wamefika," wanasema, hata kabla hatujafungua midomo. Na wacheke. Sisi tulifundishwa kusafiri na Doña Casilda Guaji, na Doña Casilda alijifunza huko huko juu.

Ndivyo alivyosema mwenyewe, na nani angembishia? Katika San Fermín nzima yeye ndiye mwanamke wa kwanza kupanda ndege. Alipanda akiwa msichana, akavuka milima mpaka La Paz, akarudi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini wahenga hawakuwahi kukutana na Casilda.

Nyumba yake iko ukingoni mwa uwanja, pale nyasi fupi zinapokutana na nyasi ndefu. Anauza cuñapé, vile vimkate vya jibini na unga wa muhogo, na vyake vikitoka tanurini hata aliyeshiba anasikia njaa. Uwanja hakupewa na mtu auangalie. Aliutwaa tu. Rubani akija huzunguka kijiji mara moja, chini chini, ndiyo hodi yake. Casilda akisikia hodi hiyo hutoka mbio na aproni yake na ufito, anawafukuza ng'ombe waliolala katikati ya njia ya ndege huku akiwatukana mmoja mmoja kwa jina. "We Mchumba, ondoka! Na wewe Padri, unangoja barua?" Ng'ombe wakishaondoka, anainua aproni juu, na rubani anajua sasa karibu. Serikali ina minara ya kuongozea ndege. Sisi tuna aproni ya Casilda, na haijawahi kuangusha ndege hata moja.

Uwanja wenyewe ulifyekwa na Don Belisario, aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko busara. Kila mwaka alikuwa akiwaswaga kwenda sokoni kupitia mabwawa, na kila mwaka mamba na matope walikula sehemu yao kwanza. Akachoka. Akasema kuanzia leo ng'ombe wangu hatembei, anaruka. Basi wakachinja alfajiri hapa hapa uwanjani, wakapakia mapande ya nyama yakiwa bado na joto katika ndege moja kuukuu, yenye tumbo pana, ambayo sisi tuliibatiza Bonge, na kabla ya chakula cha mchana nyama ya San Fermín ikawa inauzwa La Paz, juu kwenye baridi. Bonge ikirudi ilileta chumvi, sukari, mabati, bibi harusi wa watu, na mara moja kinanda cha kanisa ambacho mpaka leo hakuna ajuaye kukipiga.

Mtu akitaka kusafiri alitandikiwa turubai juu ya nyama, akakaa hapo. Ndiyo maana watu wetu wakishuka La Paz mbwa wa mjini waliwasindikiza mpaka mlangoni kwa ndugu zao.

Na kabla ya kupanda, shurti upimwe. Mizani ilikuwa ile ile ya ng'ombe, na mpimaji alikuwa Nicanor Yuco, kijana mwenye mdomo mkubwa kuliko mwili. Nicanor hakutaja kilo. Alikutazama, akatazama mizani, akampigia rubani kelele: "Ndama!" au "Mtamba!" au "Ng'ombe mzima!" au, Mungu akunusuru, "Fahali!" Rubani alielewa, akapanga mzigo wake. Kuna mke wa mkuu wa kijiji aliyeitwa fahali mbele ya umma, akashuka mizanini, akaahirisha safari, na mpaka anakufa hakumsalimu Nicanor.

Basi Casilda alipokuwa msichana, shangazi yake mmoja wa La Paz alimwita akasaidie kazi za nyumbani, asome kushona. Kijiji kizima kilishangilia. Nguruwe alichinjwa. Watu walikula, walikunywa chicha, pombe yetu ya mahindi, wakacheza, na kila mmoja akamletea mwali zawadi ya safari: huyu leso, huyu kopo la asali, huyu kuku mzima aliyefungwa miguu. Mama yake alimnunulia viatu, vyeusi, vya kisigino kifupi, vyenye kifungo cha shaba, na kwa viatu vile mama mtu alishinda msimu mzima akifulia watu. Nicanor akampima. "Mtamba!" akapiga kelele, na akamkonyeza. Casilda akapanda juu ya turubai, kuku mkononi, akapunga mkono hadi begani kukauma.

Halafu injini zikawashwa.

Jamani, si kila aliyechinjiwa nguruwe ana moyo wa kusafiri. Bonge ilitetemeka mpaka mapande ya nyama yakaanza kucheza chini yake. Ilikwenda polepole hadi mwisho wa uwanja, kule kwenye nyasi ndefu, ikageuka ili ianze mbio. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kamba tu. Casilda hakufikiri. Alifungua kamba, akaruka. Kiatu kimoja kikanasa kwenye turubai kikabaki, yeye akaangukia nyasi na kuku wake, na Bonge ikapaa na zawadi zote zilizobaki.

Akalala pale kifudifudi, anasikia watu kule mbali wanashangilia. Wanamshangilia yeye. Sasa angerudije? Nguruwe ameliwa. Mifupa yake mbwa bado wanaitafuna. Angetokea saa ile ile, nyasi kichwani, angeitwa Mwoga mpaka siku ya kuzikwa, na kwenye msalaba wangeandika hivyo hivyo. Akaona afadhali La Paz. Na kwa kuwa La Paz hakufika, akavuka kinamasi kwenda kwa mama yake wa ubatizo, Ña Trifona, bibi kiziwi aliyeishi peke yake na wala hakuwa na mazoea ya kuuliza maswali. Yule kuku wakamla wao wawili. Akakaa huko mpaka aliposikia Bonge inapiga hodi juu ya kijiji. Akachomoka mbio, akapita nyasi ndefu, na abiria walipokuwa wanashuka upande huu, yeye akatokea upande wa pili chini ya bawa, anakung'uta gauni.

Kapteni Urioste, rubani wa Bonge, alikuwa amesimama pale pale anakagua gurudumu. Alimwona vizuri sana. Akamtazama kuanzia nywele mpaka mguu, na mguu mmoja ulikuwa peku. Kisha akavua kofia.

"Karibu nyumbani, señorita," akasema. "Safari ilikuwaje?"

"Nzuri, Kapteni," Casilda akajibu. "Ila kuna baridi."

Kapteni akavaa kofia yake na kuendelea na gurudumu. Mungu amrehemu, hakusema neno maisha yake yote. Shangazi wa La Paz aliandika kuuliza mbona mtoto hakufika. Barua ilimkuta Casilda, maana ndiye pekee pale nyumbani aliyejua kusoma, naye akawasomea kwamba shangazi anashukuru, ila amepata msaidizi mwingine.

Lakini siku ile ile ya kurudi, mbele ya watu wote, mama yake aliuliza swali la mama: "Na kiatu kingine kiko wapi?"

Watu wakasogea karibu. Casilda akajitazama mguu.

"Mama, kule juu kiatu cha kushoto lazima ukivue," akasema. "Ndege ikiinuka, damu yote inakimbilia kushoto. Usipovua, mguu unavimba unapasua ngozi. Mimi nilivua nikakiweka pembeni, upepo ukakichukua."

"Upepo!"

"Huko kuna upepo, mama, si mchezo. Kwa hiyo mtu akivua, akishike. Kwa mikono miwili."

Basi. Imekuwa sheria. Kila aliyekuwa na safari alipita kwanza kwa Doña Casilda, akanunua cuñapé, akakaa kwenye gogo lake, akafundwa. Vua cha kushoto. Kishike kwa mikono miwili. Usikivae mpaka itulie. Kwa wenye wasiwasi zaidi aliongeza mengine, kwamba mawingu yana chumvi, kwamba ukitupa kimkate dirishani ndege wa porini watakusindikiza. Mtu akirudi na kulalamika, "Doña Casilda, mbona madirisha hayafunguki?" anamtazama kwa huruma. "Hizi ndege za siku hizi! Za zamani zilifunguka." Anampa mgongo, anageukia tanuri.

Kapteni Urioste alipokufa, Casilda alilia kuliko mjane. Alilia mpaka mjane akaanza kumtazama vibaya. Watu wakanong'ona mengi juu ya Kapteni na yule msichana aliyempeleka La Paz, na hakuna aliyegundua kwamba mama wa watu analia kwa kushusha pumzi, na kwa aibu ya kushusha pumzi penye msiba.

Bonge ikafa na yeye, ndiyo kusema. Ilikatwa mabati, na kuna mabanda mawili ya nguruwe hapa kijijini yameezekwa kwa bawa lake. Zikaja ndege ndogo za kubeba watu wanne watano, zikabeba wagonjwa na walimu na siku za uchaguzi wanasiasa. Kisha zikapungua. Kisha hakuna. Miaka ikapita, nyasi zikaota, ng'ombe wakalala uwanjani bila kusumbuliwa na mtu. Casilda aliendelea kuwafukuza kila asubuhi, akingoja hodi isiyokuja. "Unafukuzia nani, komadre?" Nicanor alimwuliza. Alimwita komadre kwa sababu ndiye aliyemsimamia ubatizo binti ya Casilda, Yobana, na tangu hapo alijiona ana haki ya kumchokoza kila siku.

"Nakufukuzia wewe," Casilda alimjibu. "Nikiona ng'ombe amekaa kizembe nakukumbuka."

Yobana alikuwa ameolewa Trinidad. Na hapo ndipo ule uongo ulipoanza kung'ata. Kwenda Trinidad kwa mto ni safari ya siku nyingi, ya mbu na kulala kwenye mitumbwi, na kiuno cha Casilda kilikuwa kimekataa mitumbwi zamani. Ndege zilikuwapo wakati ule Yobana anaolewa. Casilda hakwenda; alisema kuna ugonjwa wa kuku. Mjukuu wa kwanza akazaliwa, hakwenda. Tanuri lilikuwa na ufa. Wa pili, hakwenda, na safari hii hata sababu ilimwishia, akasema tu, "Mimi nimeruka vya kutosha, mwanangu. Iachieni nafasi damu changa." Wajukuu wawili, na wote alikuwa akiwajua kwa picha.

Mwaka huu mimba ya tatu ikaja vibaya. Mvua nazo zikaja, kijiji kikawa kisiwa kama kawaida yake. Yobana akapiga simu.

"Mama, daktari amesema watanipasua. Naogopa. Nataka nikifumbua macho nikuone wewe."

"Mwanangu, mto huu..."

"Nani amesema mto? Kampuni mpya inaanza safari za ndege wiki hii, redio imetangaza. Mama, ulivuka milima mizima, umekaa juu ya nyama kama nzi! Kuja kwangu ni kufumba na kufumbua. Au hawa si wajukuu zako?" Kisha sauti yake ikabadilika. "Usipokuja na safari hii, mama, basi. Usinipigie tena simu. Sitapokea."

Casilda alikaa na ile simu mkononi mpaka cuñapé zikaungua, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Na kama hilo halikutosha, kesho yake mkuu wa kijiji akaja na ujumbe wake wote, mashati yamepigwa pasi. Doña Casilda, tumekubaliana. Ndege hii ya kwanza baada ya miaka yote hii, kiti cha mbele, cha heshima, ni cha mwanamke wa kwanza wa San Fermín kuruka angani. Hulipi. Na bendi itapiga. Nyuma yao Nicanor alikuwa amesimama na kofia yake mkononi, anacheka peke yake.

"Hongera, komadre," akasema. "Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Sisi hatungoji, tunapanda."

"Nani 'sisi'?"

"Mimi na wewe. Macho yangu yana ukungu, naenda kuonana na daktari. Nimeomba kiti cha jirani yako, unielekeze."

Usiku ule Casilda hakulala. Alitamani kutoroka, lakini hata kutoroka kuna masharti: nyumba ya marehemu Ña Trifona ilikuwa chini ya maji, paa tu linaonekana na tumbusi wamekaa juu yake. Alijaribu kuumwa tumbo. Lilikataa kuuma. Siku zote tumbo la Casilda limekuwa jiwe.

Asubuhi ndege ikapiga hodi. Alitoka na aproni kama kawaida yake, akawafukuza ng'ombe, na kwa mara ya kwanza maishani aliwafukuza polepole. Ndege ikatua, nyeupe, safi, ya viti kama ishirini, na akashuka rubani msichana mdogo mwenye nywele za kusuka. Bendi ikapiga filimbi na ngoma. Mizani ya ng'ombe ilikuwa imepakwa rangi kwa ajili ya sherehe, na Nicanor, ukungu machoni na yote, alisimama pembeni yake kama zamani. Mmoja mmoja walipanda. "Ndama! Ng'ombe mzima! Ng'ombe mzima na nusu, samahani mwalimu!" Rubani msichana alikuwa na mizani yake ya kisasa ndani ya ndege, lakini alisimama pale anacheka na kuandika.

Casilda akapanda mizani akiwa na gauni la kanisani na kikapu cha cuñapé za Yobana. Watu wakajikausha, maana miaka imemjaza, asikudanganye mtu. Nicanor akatazama mizani. Akamtazama yeye.

"Mtamba!" akapiga kelele.

Watu wakapiga makofi. Na Casilda akasikia kama anataka kulia, kwa sababu mtamba yule alikuwa mwoga, na Casilda alijua, na sasa kila mtu angejua.

Ndani, akafungiwa mkanda. Mlango ukafungwa, si kwa kamba. Ndege ikaanza kutambaa kuelekea mwisho wa uwanja. Huku nyuma watu wote wa San Fermín wakainama kwa pamoja, viatu vikaanza kuvuliwa, na rubani msichana akageuka kutazama.

"Kuna nini jamani? Kuna kitu kimemwagika?"

"Damu hiyo, Kapteni," mtu akamjibu. "Inakimbilia kushoto. Wewe endesha."

Casilda peke yake hakuinama. Alizikodolea macho nyasi ndefu. Zilikuwa zile zile. Pale mwisho ndege ikageuka, ikasimama, injini zikapandisha sauti, kiti kikaanza kutetemeka chini yake, na mikono yake ikaenda yenyewe kwenye mkanda ikaufungua. Akasimama.

"Bibi, kaa tafadhali, tunaondoka!" rubani akaita.

"Nashuka," Casilda akasema. "Nifungulieni. Nimesahau... nimeacha tanuri linawaka. Nashuka!"

Ndege nzima ikamgeukia, viatu mapajani. Nicanor akamvuta gauni, pole pole.

"Komadre. Kaa kwanza, nikupe mzigo wako. Halafu ukitaka kuruka, ruka."

Akaingiza mkono kwenye mfuko wake wa kitambaa, akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti lililogeuka manjano. Akakifungua. Kilikuwa kiatu cheusi cha kisigino kifupi, ngozi imekauka imepasuka, kifungo cha shaba kimepata kutu ya kijani. Cha kushoto.

Casilda akaketi. Si kwa kutaka.

"Nani aliyekuwa anafagia damu ndani ya Bonge ikirudi?" Nicanor alimnong'oneza, na mkono wake mwingine unamfunga mkanda. "Mimi. Nilikikuta chini ya turubai, halafu nikashuka nikakukuta una nyasi za uwanja nyweleni, unawaambia watu habari za upepo. Nikakitia mfukoni."

"Wewe!" Casilda akavuta pumzi. "Wewe mshenzi! Miaka yote hii!"

"Yote."

"Na ulikuwa unakaa kwenye gogo langu! Unakula cuñapé zangu! Unaniuliza, 'Komadre, hebu tusimulie tena ile ya mawingu,' mbele za watu, na unajua!" Akamnyang'anya kile kiatu akampiga nacho begani. "Ulikuwa unanicheka!" Akampiga tena. "Mbwa wewe! Fahali asiye na pembe! Nakuapia, kompadre, tukifika, tukifika huko nitakuvua nguo mbele ya..."

"Piga, piga," Nicanor alisema, amejikinga kwa kofia. "Lakini sikukucheka. Nilikiweka nikuaibishe siku ya sikukuu, hilo nakubali. Halafu marehemu mke wangu akaugua, unakumbuka, tukampeleka kwa ile ndege ndogo. Mimi ndiye niliyekuwa nakufa, si yeye. Nilitaka kufungua mlango niruke kama wewe. Nikasema, huyu Casilda mwongo, najua ni mwongo, lakini nivue tu. Nikavua. Nikakishika. Kamba ilikuwa na fundo, nikahangaika nalo, nahangaika, na nilipoinua kichwa tulikuwa tumeshafika juu, na mke wangu ananicheka." Akasafisha koo. "Sasa ningekusema vipi? Nani angewafunda wengine?"

Casilda alikuwa na kiatu hewani, tayari kwa pigo jingine. Hakulitoa. Ghafla alihisi kimya cha namna nyingine, na tumbo, lile tumbo lake la jiwe, likawa jepesi. Akageuza shingo taratibu kuelekea dirishani.

San Fermín ilikuwa chini. Aliliona kanisa, akauona uwanja, mstari mwembamba wa majani katikati ya maji yanayong'aa, na nyumba yake ndogo ukingoni, na ng'ombe tayari wanarudi kulala katikati ya njia. Hakukuwa na mtu wa kuwafukuza.

"Loo," akasema. "Kumbe hivi."

"Kumbe hivi," Nicanor akasema.

Huku nyuma watu wakaanza kuvaa viatu vyao, kila mtu na shughuli yake, na hakuna aliyesikia kitu, au kama walisikia basi ni watu wenye adabu. Casilda alichukua kimkate kimoja kutoka kwenye kikapu cha Yobana, akakikata, akampa Nicanor nusu. Kubwa, ile nusu. Kisha akashika kile kiatu kwa mikono miwili mapajani, na hakukiachia mpaka magurudumu yalipogusa Trinidad.

Yobana alikuwa kwenye uzio, tumbo mbele, anayepasuliwa kesho na hakuna aliyeweza kumzuia kuja. Wajukuu wawili wamemshika sketi, wanamtazama bibi yao wa kwenye picha. "Mama! Umekuja! Umekuja kweli!" Alimkumbatia mpaka kikapu kikakaribia kuvunjika, wakalia wote wawili bila haya, na wale watu wa uwanja wakaacha hata kutucheka. Yobana alipomwachia, akakiona kile kiatu.

"Na hiki? Mbona una viwili vya kushoto?"

Casilda akamtazama Nicanor. Nicanor akawa na shughuli nyingi sana na kofia yake.

"Changu," Casilda akasema, akamshika mkono mjukuu mkubwa. "Nilikisahau kwenye ndege, safari ile ya kwanza."